Nyimbo Mia Moja na Arobaini na Kasha Moja Tupu

Jumatatu, 3 Machi

Kompyuta ya kwaya imeanza kukohoa. Krr, krr, tik. Krr, krr, tik. Nimeizima, nimeiombea, nimeiwasha. Skrini ikawa ya bluu, kisha nyeusi. Nikaipiga kofi la upendo ubavuni, kama ninavyozifanyia saa za ukutani. Nyeusi tii!

Daftari langu, wewe ndiye wa kwanza kuambiwa, na uwe wa mwisho. Humo ndani mna nyimbo mia moja na arobaini. Zote alizitunga Mwalimu wetu wa kwaya kwa miaka thelathini, kila wimbo sauti nne. Siku hizi mkono wake unatetemeka, hawezi kuandika hata jina lake bila kutoka nje ya mstari. Mwaka juzi kwaya ilinikabidhi mimi, katibu wao, makaratasi yake yote niyachape. Nikayachapa kwa kidole kimoja, miezi kumi na minne. Makaratasi yenyewe yalikuwa yameliwa na mende, nikayachoma moto kwa heshima zote.

Jumapili hii ni mkutano mkuu, na uchaguzi. Nimekuwa katibu miaka tisa. Safari hii nina mpinzani: bwana mmoja wa sauti ya tatu, muuza makava ya simu, tunayemwita Kidigitali kwa sababu hawezi kumaliza sentensi bila neno hilo. Ameomba rasmi kwamba siku ya mkutano nyimbo zionyeshwe ukutani, kila mtu azione. Anauita uwazi wa kidigitali. Mimi nauita uchokozi.

Lakini sina hofu. Mwaka jana niliuhakikishia mkutano kwamba nimetengeneza nakala tatu, na kweli nilizitengeneza. NAKALA. NAKALA YA NAKALA. NAKALA YA MWISHO KABISA. Zote tatu nimeziweka humo humo kwenye kompyuta, pale mbele kabisa, zisije zikapotea.

Nimeisoma tena sentensi hiyo. Sasa nina hofu.

Jumanne, 4 Machi

Kibanda changu cha kutengeneza saa kiko ujia mmoja na duka la fundi kompyuta. Milango miwili tu inatutenganisha. Asubuhi nilimpelekea swali, si kompyuta. Nikasema kuna rafiki yangu ana shida. Akaniuliza huyo rafiki yangu anavaa miwani kama hii yangu?

Nikamwigizia sauti. Krr, krr, tik. Akaacha kucheka. Akasema hiyo ni diski, inakata roho. Rafiki yangu asiiwashe tena, hata mara moja, aje nayo kama ilivyo, huenda ikakubali kusomwa mara ya mwisho na vitu vikahamishiwa kwenye diski mpya.

Maneno ya busara, sikatai. Tatizo ni kwamba fundi huyu amemwoa dada yake Kidigitali. Kompyuta ikipita mlango ule saa nne, saa tano kwaya nzima inajua. Nikashukuru, nikaondoka. Akanisindikiza kwa sauti iliyojaa ujia mzima: mzee wa mishale, mwambie rafiki yako asijitie ufundi! Muuza viatu akacheka mpaka akaangusha kiatu.

Mzee wa mishale! Mimi nimefungua saa miaka ishirini na sita. Saa ya mkononi ina vipande zaidi ya mia. Kompyuta ina skrubu nne nyuma, unaziona kwa macho.

Nimeamua. Diski mpya nitainunua mwenyewe, nitaiweka mwenyewe, na nyimbo nitazihamisha mwenyewe. Jumapili nitasimama mbele yao mkavu kabisa.

Nimerudi nyumbani nikaiwasha mara nne, kuhakikisha kwamba kweli haitakiwi kuwashwa.

Jumatano, 5 Machi

Nimenunua! Mtandaoni, bila kutoka kibandani, lenzi ya saa ikiwa bado jichoni.

Nilipekua maduka mengi. Nikafika kwenye moja ambalo badala ya picha ya mwenye duka wameweka mikono miwili inayoomba. Moyo ukatulia. Diski ya tera moja, bei ya chini kuliko kwa wengine wote. Maoni ya wateja ni nyota tano, nyota tano, nyota tano, na wote wameandika maneno yaleyale: bidhaa nzuri asante mungu. Umoja wa namna hiyo huupati hata kwenye kwaya. Mmoja tu ndiye aliyetoa nyota moja, akilalamika kwamba amepokea kasha tupu. Watu wengine wana roho mbaya.

Nikamwandikia muuzaji kwa adabu. Kwako ndugu mpendwa, salamu nyingi katika jina la Bwana, mimi na familia yangu tu wazima, hofu ni kwako wewe uliye mbali na macho yetu. Dhumuni la barua hii ni kuuliza kuhusu diski. Je, ni mpya? Na je, inaweza kubeba nyimbo mia moja na arobaini, kila moja ikiwa na sauti nne?

Jibu lilikuja kabla sijaweka simu chini. Ipo mkubwa, mpya kabisa imetumika kidogo, inabeba yote, lipa nitume.

Nikamfahamisha kwamba sauti ya nne ni nzito kuliko zile nyingine. Nikauliza kama hilo lina athari. Akajibu haina shida mkubwa lipa.

Nimelipa. Ni hela ya suti ya uchaguzi. Nitagombea na suti ya zamani. Inanibana nikikaa, kwa hiyo nitagombea nikiwa nimesimama.

Mama Watoto ameuliza kwa nini natabasamu peke yangu. Nikamwambia kompyuta iko kwenye matengenezo ya kawaida. Akasema mara ya mwisho aliposikia maneno hayo, nyumba hii ilikaa wiki mbili bila jiko. Mwanamke huyu hasahau kitu. Namwombea.

Alhamisi, 6 Machi

Mazoezi ya kwaya. Kidigitali alikuja na simu mbili shingoni kama mgambo. Akaniuliza mbele ya watu wote: eti Mzee Katibu, Jumapili tutaziona nyimbo, au tutaonyeshwa kitambaa? Maana kila anayepita nyumbani kwangu huikuta kompyuta imefunikwa kitambaa alichofuma Mama Watoto. Sauti ya tatu yote ikacheka. Sauti ya nne, wenzangu, ikacheka pia. Wasaliti!

Nikamjibu kwamba atakachokiona Jumapili hatakisahau.

Bibi wa sauti ya kwanza, yule mkubwa wetu kuliko wote anayekaa kiti cha mbele, akawakaripia. Akasema mwacheni Katibu wetu, miaka tisa hii hajapoteza hata karatasi moja. Nikaitazama dari.

Halafu Mwalimu akaniita pembeni. Akanishika mkono, na mkono wake ukautetemesha wangu. Akasema kuna ule wimbo wa tisini na mbili. Aliutunga wiki ile aliyomzika mkewe. Tangu niyachukue makaratasi hajauona tena kwa macho. Kama haitakusumbua, mwanangu, Jumapili uuanze huo, kwa herufi kubwa.

Nikasema utauona, Mwalimu.

Nikatoka nje kutafuta hewa. Roho ilikuwa inanisuta. Nikaiomba isubiri kidogo, mzigo uko njiani.

Ijumaa, 7 Machi

Mzigo umefika! Dereva wa pikipiki kauleta kibandani, nikasaini mara mbili. Boksi ndani ya boksi, na plastiki za kupasua pah pah katikati. Kwa furaha nikazipasua zote kwanza.

Ndani mna kasha jeusi la plastiki, waya mfupi, na karatasi ya maelekezo kwa lugha saba ambazo hakuna hata moja ninayoijua. Nikalitikisa kasha. Kimya. Nikalifungua kwa bisibisi.

Hewa.

Nikaandika. Kwako ndugu mpendwa, baada ya salamu, nimepokea nyumba, lakini mwenye nyumba hayumo. Akajibu soma tangazo mkubwa. Nikalisoma. Juu, kwa herufi kubwa: DISKI TERA MOJA. Chini kabisa, kwa herufi ambazo nilizifikia kwa lenzi ya saa: kasha la kuwekea, diski haimo, picha ni ya maonyesho.

Nikamwandikia waraka mrefu, wenye mistari mitatu ya Maandiko kuhusu mizani ya udanganyifu. Akanijibu kwa mikono miwili inayoomba. Kisha akanifungia, siwezi tena kumwandikia.

Nilitaka kumpa nyota moja. Kisha nikaona kwamba jina langu litaonekana, na Kidigitali anashinda mitandaoni. Anione nimetapeliwa siku mbili kabla ya uchaguzi? Nikampa nyota tano. Nikaandika: bidhaa nzuri asante mungu.

Jumamosi, 8 Machi

Usingizi umenipa jibu. Kwa nini nilikuwa nahangaika na diski mpya? Mimi ni fundi! Kitu kikiharibika, fundi anakifungua.

Nilifunga kibanda asubuhi, nikarudi nyumbani, nikapiga magoti nyuma ya meza, nikaitoa diski ya zamani. Juu yake kuna kibandiko kinachosema ukifungua hapa dhamana imekwisha. Dhamana ni ya watu wasiojiamini. Nikafungua skrubu sita.

Daftari langu, machozi yalinilenga. Ndani mna sahani inayong'aa kama kioo, nikauona uso wangu wote mpaka ndevu nilizozisahau chini ya kidevu. Na juu ya sahani, mkono mmoja mwembamba. Saa! Hii diski wanayotutishia nayo ni saa yenye mshale mmoja!

Sasa, saa ikipiga krr, mtoto wa fundi saa anajua maana yake. Imekauka. Nikatia tone la mafuta katikati. Mafuta yangu ya saa, yale mazuri, ya wateja wa heshima. Nikaongeza la pili kwa ajili ya sauti ya nne. Nikaona nimeacha alama za vidole kwenye sahani, nikaifuta kwa kitambaa cha ngozi mpaka ikang'aa kupita mwanzo. Nikafunga. Ikabaki skrubu moja, kwa hiyo kiwandani walizidisha.

Nikairudisha kwenye kompyuta, nikawasha.

Kimya! Hakuna krr, hakuna tik. Kikohozi kimepona kabisa.

Nyimbo hazijaonekana, lakini hatua kwa hatua.

Saa kumi jioni. Hazijaonekana bado. Nimeizima na kuiwasha mara kumi na moja. Mama Watoto kauliza kama nyimbo za Mwalimu ziko salama. Nikamwambia zina nakala tatu. Karudi jikoni.

Kwa kesho nina mpango mwingine. Ni mdogo, na hauna dhambi ukiuangalia vizuri.

Jumapili, 9 Machi

Naandika na suti bado mwilini. Sina nguvu ya kuivua.

Baada ya ibada niliwahi ukumbini kabla ya wote. Nikaiweka kompyuta mezani, nikaifunika, na lile kasha jeusi nikaliweka kando yake ili meza ionekane ya kitaalamu. Kisha nikaenda nyuma ya mlango, nikaishusha swichi kuu ya ukumbi. Ndiyo hiyo tu. Sikukusudia kusema uongo. Mtu akiuliza, ningesema umeme hakuna, na kweli hakuna.

Mwenyekiti akafungua mkutano. Nikasimama kwa huzuni, nikasema ndugu zangu wapendwa, adui katukatia umeme. Watu wakaguna. Kidigitali akainua shingo, akasema mbona feni ya ofisi ya mchungaji inazunguka? Akaenda nyuma ya mlango. Tak! Taa zote. Wakampigia makofi. Makofi, kwa kuinua swichi!

Ikabidi niwashe kompyuta na projekta. Ukutani yakatokea maneno meupe kwenye weusi, kwamba diski haijaonekana. Bibi wa sauti ya kwanza akauliza huo ndio wimbo wa tisini na mbili, au ni utangulizi?

Mwenyekiti akasema basi Katibu alete zile nakala. Nikasema zipo tatu. Ziko wapi? Nikanyoosha kidole kwenye kompyuta.

Watu waliangua kicheko. Kisha kicheko kikakatika, kwa sababu Mwalimu alikuwa amesimama. Alishika kiti cha mbele yake, na kiti kikawa kinatetemeka. Akaniuliza kwa upole: zote, mwanangu?

Nikaanza kukikunja kitambaa cha kompyuta.

Kidigitali ndiye aliyeliona kasha. Akaruka. Ah, Mzee Katibu, kumbe unalo hili! Akaeleza mbio mbio kwamba diski mgonjwa unaiweka humu, unachomeka waya kwenye kompyuta nyingine, na kama Mungu kapenda unahamisha vyote kabla ya chai. Akauliza diski iko wapi. Tapeli yule, kumbe katika vitu vyote vya dunia alinitumia kile kimoja nilichokihitaji! Na kimekaa mezani kwangu tangu juzi.

Wakaichomoa diski. Ilikuwa inateleza. Kidigitali akaigeuza, akaona vidole vyake vinang'aa, akavinusa. Akauliza hiki ni nini. Nikasema mafuta ya saa.

Hakucheka. Nilijiandaa kwa kicheko chake wiki nzima, na hakucheka. Aliiweka chini taratibu, kama mtu anayemlaza mgonjwa.

Ndipo Bibi akafungua mkoba wake, akatoa daftari lililofunikwa kwa gazeti. Sauti ya kwanza wote wakatoa madaftari yao. Sauti ya pili wakatoa, Mama Watoto akiwa wa kwanza. Sauti ya tatu, nusu wanayo, na Kidigitali ana picha za kurasa zilizobaki. Lakini kila mtu kwenye kwaya hunakili sauti yake tu. Na sauti ya nne, wanaume wazima kumi na mmoja, tulitazamana. Sisi tulikuwa tunasubiri Katibu atuchapie. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuja na kalamu.

Kwa hiyo sauti tatu zipo. Ya chini haipo popote.

Mwalimu akasema waimbe wa tisini na mbili hivyo hivyo. Wakaimba. Ulikuwa kama nyumba isiyo na sakafu. Kwenye ubeti wa pili Mwalimu akafumba macho, akaanza kuijaza sauti ya nne mwenyewe, kwa koo la kizee linalokatika, noti moja moja, na Kidigitali amepiga magoti mbele yake, simu mkononi, anarekodi. Mama Watoto alilia. Mimi nilikohoa.

Mmoja umeokoka. Zimebaki mia moja thelathini na tisa, na ziko kichwani mwa mtu wa miaka sabini na minane. Nilianza kupiga hesabu ya wiki. Nikaacha.

Kura: Kidigitali thelathini na nane. Mimi mbili. Moja ni yangu. Kwa ile ya pili nilimshukuru sana Mama Watoto tulipofika nyumbani. Kasema si yeye.

Mwishoni Mwalimu aliomba neno. Akasema huyu ndugu yetu asikae bure, atavunjika moyo, apewe kazi ya mikono. Basi nimechaguliwa kuwa mtunza vifaa: spika, vipaza sauti na kinanda. Wote waliinua mikono, isipokuwa Mama Watoto.

Jumanne, 11 Machi

Nimepata amani. Nimejichunguza mbele za Mungu na nimeliona kosa langu: niliifanya kazi kwa hofu. Ufundi hautaki hofu.

Kidigitali na Mwalimu wanakutana kila alasiri kurekodi sauti ya nne. Wamefika wimbo wa tano. Katibu mpya kanipigia simu kwa heshima, nakiri, akasema kesho Mwalimu atahitaji kinanda, maana sauti ikimpotea anaitafuta kwa kidole. Nikamwambia kinanda kiko mikono salama.

Nilikileta nyumbani jana. Kibonye kimoja, karibu na katikati, ukikigusa kinanata, hakirudi haraka. Mwalimu wa watu asumbuliwe na kibonye? Nimekifungua asubuhi hii. Hakuna lolote la kutisha mle ndani. Na kwa kuwa nilikuwa nimekwisha fungua, nimevitoa vyote sitini na kimoja, nimeviosha kwa sabuni ya unga, nimevianika uani kwenye sinia. Vinameta kama meno ya bwana harusi.

Mama Watoto alipita na ndoo, akasimama. Akauliza kama niliweka alama, kipi kilikaa wapi.

Nikamwambia mke wangu, vyeupe ni vyeupe, vyeusi ni vyeusi. Kuna kazi gani hapo?